Lukio Numisio Pansa, Mchoraji wa Siku Aliyengoja Siku Njema

Sogeeni karibu, ndugu na majirani, kwa maana upepo wa barabara hii ya makaburi unachukua sauti, na moto wa mazishi ukishawashwa hatutasikilizana. Kabla hatujamtoa baba wa nyumba yetu mikononi mwetu, haya ndiyo maisha yake, kama mkewe na wanawe walivyoyakumbuka. Anayeyasoma ni mwanawe wa kwanza, Vitali.

Marehemu Lukio Numisio Pansa alizaliwa Praeneste, mwaka wa 708 tangu Mji wa Roma uasisiwe, mtoto wa tatu wa Gayo Numisio, mpiga lipu, na mkewe Orkivia. Huo ndio mwaka Kaisari alipoitengeneza kalenda, akachomeka miezi ya ziada kabla ya Desemba ili hesabu ya siku ilingane tena na jua. Marehemu alizaliwa katika mmoja wa miezi hiyo ya kuchomekwa, na mwezi huo haukurudi tena. Kwa hiyo hakuwa na siku ya kuzaliwa. Wenzake walimtania kwamba yeye hazeeki, na mama yake alimwokea mkate wa asali siku yoyote alipopata nafasi. Watoto wengine wangefurahia jambo hilo. Yeye lilimuuma, na waliomfahamu vizuri wanasema ndipo alipoanza kuziheshimu siku kupita kiasi.

Alisoma miaka mitatu kwa mwalimu aliyefundishia barazani karibu na soko la Praeneste, akatoka akijua kusoma, kuandika na kuvumilia fimbo. Kisha baba yake akamtia kwenye chokaa. Mkono wake ulikuwa mtulivu mno kwa kazi ya lipu tu, kwa hiyo akiwa na miaka kumi na sita akapelekwa kwa karani mzee wa makuhani, akafundishwa siku zote za mwaka na herufi inayotambulisha aina ya kila moja. Alijifunza siku za wazi, ambazo hakimu anaweza kusema maneno ya sheria. Alijifunza siku za kufungwa, ambazo hakimu hufunga kinywa kwa ajili ya miungu, na siku nyeusi, zile zinazofuata mwanzo na katikati ya mwezi, ambazo mtu mwangalifu haanzi jambo. Alizishika zote kichwani, na mpaka mwezi uliopita, akiwa hawezi tena kushika kijiko, ungemwuliza siku yoyote angekujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Alihamia Roma mwaka wa 727, akapanga chumba chini ya kilima cha Aventino, karibu na maghala ya nafaka, na hapo ameishi hadi kufa kwake. Alichora kalenda kwenye kuta za bafu, za kumbi za vyama vya mafundi na za nyumba za wakubwa, herufi nyeusi na nyekundu juu ya lipu nyeupe. Waokaji walikuwa na yake, wafua nguo walikuwa na yake. Mtu wa kusini mwa Mji akitaka kujua kama anaweza kwenda mahakamani kesho, mara nyingi aliusoma mkono wa marehemu. Hakukosea hata herufi moja, na alijisifu kwa hilo mpaka tukachoka. Kosa lake halikuwa ukutani.

Mwaka wa 736 aliitwa kuchora katika nyumba ya mjane mmoja, na huko akamwona Thalusa, mtumwa wa mjane huyo, aliyekuwa akimsagia rangi. Thalusa mwenyewe husema kwamba marehemu alikaa siku kumi na moja kwenye ukuta wa siku nne. Mwisho akamnunua kwa mjane akaja naye nyumbani, wakaishi kama mume na mke. Lakini kisheria alikuwa mtumwa wake, na ili awe mke halali ilibidi amwachie huru mbele ya hakimu mkuu, kwa fimbo na kwa maneno yenyewe. Marehemu alikusudia kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Hakuna hata mmoja katika nyumba yetu aliyewahi kulitilia shaka hilo. Alichotaka ni siku njema.

Kwanza alingoja majira ya kazi nyingi yapite. Kisha Thalusa akapata mimba, na ikawa Januari, mwezi ambao kila mtu anataka kalenda yake ipakwe upya. Ikaja Februari, na nusu yote ya kwanza ya Februari siku zimefungwa. Baada yake ni siku za kuwakumbuka wafu, na marehemu hakutaka kumwachia mkewe huru makaburini. Mpiga mbiu wa mahakama, Trebio, jirani yetu ambaye yuko hapa leo, alikuja mlangoni siku tatu kabla ya katikati ya mwezi. Akamwambia hakimu atapita mtaani kesho akienda kuoga, na hakimu anaweza kumwachia mtu huru hata akiwa njiani, asimame tu amguse kwa fimbo.

"Kesho imefungwa," marehemu akamjibu. "Niliichora mwenyewe."

Thalusa alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba. Akamwambia, "Mume wangu, tumbo halijui kusoma ukuta wako."

Marehemu alicheka, akambusu kichwani, akamwonyesha kwa kidole siku aliyoichagua: tarehe tatu Machi, siku ya wazi, isiyo nyeusi, isiyogusana na sikukuu yoyote. Mkunga alikuwa amesema mtoto atafika mwisho wa Machi. Nafasi ilikuwapo tele. Hakuna aliyeona haraka ya nini, isipokuwa mwenye tumbo.

Mtoto alizaliwa tarehe mbili Machi mwaka wa 738, jua likizama. Kwa sheria yetu mtoto hufuata hali ya mama yake saa ile anayotoka tumboni, na saa ile mama yake alikuwa bado mtumwa. Kwa hiyo mwana wa kwanza wa Lukio Numisio alizaliwa mtumwa wa baba yake. Alikosa uhuru wa kuzaliwa kwa usiku mmoja.

Waliachwa huru pamoja, mama na mtoto, mwezi wa Aprili. Trebio alisimama pale na huwa anasimulia. Mwenye mtumwa anatakiwa kumshika mkono, hakimu aseme maneno yake, kisha amwachie. Thalusa alipita bila shida. Ilipofika zamu ya mtoto, askari wa hakimu akamgusa kwa fimbo na kusema, "Haya, mwachie."

"Ataanguka," marehemu akasema.

Watu wakacheka, hata hakimu. Lakini sheria ni sheria, na ikabidi amlaze sakafuni, kwenye jiwe baridi, aondoe mikono. Mtoto akalia. Marehemu hakungoja ruhusa, akainama akamwinua juu mbele ya wote, kama baba anavyomwinua mtoto mchanga ili watu wajue ni wake. Askari alimkumbusha kwamba shughuli hiyo si ya mahakamani. Marehemu akajifanya hakusikia, akatoka naye.

Ndoa yao ilifungwa Juni mwaka huohuo. Mwaka wa 741 akazaliwa Numisia, huru tangu pumzi ya kwanza. Watoto hao wawili walikula sahani moja na kulala chumba kimoja, na marehemu hakuwahi kuwatofautisha. Sheria ndiyo iliyowatofautisha. Dada anaitwa binti Lukio popote anapoandikwa jina. Kaka anaandikwa aliyeachwa huru na Lukio.

Vitali alipokuwa na miaka minane, hakimu mmoja alikosea akaamua kesi siku ya kufungwa, na Mji mzima ukawa unalizungumza jambo hilo. Trebio alikuja kula kwetu, tulikuwa na maharage na nyama ya nguruwe. Marehemu akauliza, kwa udadisi wa fundi tu, inakuwaje hakimu akimwachia mtu huru siku kama hiyo.

"Hakimu anatoa kafara, kosa ni lake," Trebio akasema, mdomo umejaa. "Yule mtu amekwisha kuwa huru. Nani atamrudisha?"

Marehemu aliweka kikombe chini. Akauliza tena, na Trebio akarudia, akidhani hakusikika. Tangu jioni hiyo hakugusa tena divai mezani kwa Trebio wala mezani kwake, na Trebio alikaa miaka akifikiri amemkosea. Hakumkosea. Kila mwaka baada ya hapo, marehemu akichora Februari, aliiruka siku ile aliyoikataa, akaijaza mwisho kabisa wakati kuta zote nyingine zimekauka. Wafua nguo waliwahi kumlalamikia kwamba mwaka wao una tundu.

Mwaka wa 757 Vitali alikwenda kujiandikisha jeshini pamoja na vijana wa mtaa. Alikuwa na nguvu, alijua hesabu na kupima ardhi, na alitaka sana kuwa mpimaji wa kambi. Karani akamwuliza, "Mwana wa nani?" Vitali akasema jina lake kama lilivyoandikwa. Karani hakuwa mkali. Alimwambia tu kwamba jeshi linataka waliozaliwa huru, akaita anayefuata. Marehemu alikuwa amemngojea nje na mfuko wa mkate, jibini na zeituni za safari. Vitali alipotoka mapema vile, hapakuwa na haja ya kusimulia. Wakakaa kwenye ukuta wa bustani, wakala chakula cha safari chote, mpaka zeituni ya mwisho. Miaka miwili baadaye, Mji ulipounda kikosi cha kuzima moto na kukubali walioachwa huru, Vitali akaingia, na yumo hadi leo. Hajutii kazi hiyo. Lakini baba yake alimtazama kila asubuhi akichukua ndoo, na kila asubuhi ilimchoma.

Ugonjwa ulianza miaka mitatu iliyopita kwa mikono kutetemeka. Daktari alisema ni rangi nyekundu imemwingia mwilini, akaagiza maji ya shayiri na siki. Mwaka jana alichora kalenda yake ya mwisho, ya waokaji, Numisia akiwa amemshika kiwiko. Oktoba hii hakuinuka tena kitandani.

Wiki iliyopita alimwita Vitali peke yake. Wote hapa mnajua kwamba bwana akifa, aliowaacha huru hufuata jeneza wamevaa kofia ya sufu, alama ya uhuru wao, na wana wa kiume hutembea na vichwa vimefunikwa kwa vazi.

"Siku hiyo usivae kofia," akasema. "Tembea na dada yako."

"Sheria, baba."

"Sheria naijua. Nimeichora ukutani miaka arobaini." Akamgeukia. "Ningekwenda tu siku ile, mwanangu. Mama yako aliniambia. Ningekwenda naye tu, na miguu yake iliyovimba, nikamngoja hakimu mlangoni pa bafu. Nisamehe."

Vitali alimwambia amemsamehe. Ilikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki imetimia njiani leo.

Alifariki siku kumi na mbili kabla ya mwanzo wa Desemba, mwaka wa 766, asubuhi, mkewe akimpangusa uso. Ilikuwa siku ya wazi. Numisia aliitazama ukutani, kwa mazoea.

Ameacha mjane wake Thalusa, binti yake Numisia na mumewe Fusko, wajukuu wawili, na Vitali. Ameacha pia kuta thelathini na mbili, ambazo chokaa yake itababuka moja baada ya nyingine.

Leo asubuhi mpanga maandamano alisoma majina, akamwelekeza Vitali nyuma na kumpa kofia. Numisia alimshika kaka yake mkono, akamvuta hadi mbele, akamfunika kichwa kwa vazi lake. Mpanga maandamano alitazama pembeni, na tunamshukuru. Jiwe la kaburi litaandikwa kama sheria inavyotaka, hatutashindana nayo. Kofia hiyo mnaiona pale juu ya kuni, kifuani pa marehemu. Itaungua naye.

Udongo ukulalie mwepesi, Lukio Numisio Pansa, baba yake Vitali.