Mlima wa Redio

Benchi letu limeegemea ukuta wa ghala la baridi la samaki, hapa Port Ansgar, chini ya paa linalovuja upande mmoja tu, na upande huo ni wa anayechelewa. Ukikaa hapo unaliona gati lote, unaziona meli za watalii zikiingia na kutoka tangu Mei mpaka Septemba, na watu wa Nje wakishuka na makoti ya mvua ya rangi moja kama timu ya mpira. Nje ni kokote kusiko Alaska, ndivyo tunavyosema. Barabara yetu inaanzia makaburini na kukomea jalalani, maili kumi na moja, na ukitaka zaidi ya hapo tafuta chombo au ndege. Mimi ni Arvid. Wananiita Kutu kwa sababu nimehangaika na mashine za kiwanda cha samaki miaka thelathini, na thamosi ya kahawa ni yangu, kwa hiyo nikisema jambo hapa nisikilizwe. Alhamisi ile ya mwisho wa Agosti mvua ilikuwa ileile ya Jumatatu, saa kumi jioni tulikuwa wanne, na Redio alikuwa hatulii.

— Kaa basi, we Redio! Unanimwagia kahawa.

— Nimekaa.

— Umekaa umesimama. Kaa kama watu.

Akakaa. Akafungua begi lililokuwa kati ya miguu yake, akachungulia, akalifunga. Akasimama tena.

Jina lake ni Dolph. Redio tulimpa sisi, maana ameendesha basi la watalii miaka ishirini na miwili na mdomo haujazimwa siku hata moja. Sasa asubuhi ile ilikuwa imeingia meli ndogo, Corrine, na nahodha wake akamletea ujumbe: mwongozaji wetu ameteguka mguu ngazini, abiria wanakusifu, je, utatuongozea watu themanini kwa siku tisa? Nne majini, kuangalia mito ya barafu na nyangumi. Tano nchi kavu, kwa treni na basi, porini kabisa, mpaka chini ya mlima Denali, mrefu kuliko yote ya Marekani. Meli inaondoka saa kumi na moja, na jibu wanalitaka kabla ya honi ya tatu.

Kazi safi. Tatizo lilikuwa moja, na sisi wote tulilijua: Redio hajawahi kuuona Denali. Hajafika hata jirani. Na asionekane yeye peke yake mjinga, hakuna mtu wa benchi hili aliyefika. Sisi tukisafiri tunateremka kusini, tunakwenda Seattle kung'oa meno na kununua matairi. Kaskazini tunawauzia wageni tu.

Lakini kwenye basi, Redio ana hadithi. Anasema alipokuwa na miaka kumi na tisa alikaa chini ya mlima ule siku tatu, wingu tupu. Asubuhi ya nne akapita dubu jike na watoto wawili, akasimama, akainua kichwa, akatazama juu. Dolph naye akatazama juu. Wingu likapasuka katikati, mlima ukatokea wote, na yeye akalia mpaka akakaa chini. Watu wameshuka kwenye basi lile wakijifuta macho. Hadithi hiyo ilitungiwa hapa, kwenye benchi hili. Dubu alitiwa na Manong. Machozi yalitiwa na Lorena. Wingu nililipasua mimi.

— Usiende, kaka, — alisema Lorena. Huyu ni wa posta, tunamwita Hali ya Hewa, anatabiri kila siku na kila siku analowa. — Njia ya mwongo ni fupi. Hii yako ni ya siku tisa. Utafika wapi?

— Kumbe! — Manong akaruka. Jina lake ni Fidelino, ila toka enzi za kiwanda Wafilipino wenzake wanamwita Manong, yaani kaka mkubwa, na sisi tukafuata. — Kama njia ya mwongo ni fupi na hii ni ndefu, basi huyu si mwongo. Methali yenyewe imemtetea. Nenda, mdogo wangu!

— Methali haisomwi hivyo, Manong.

— Inasomwaje? Kinyumenyume?

— Nyie hebu ngojeni, — Lorena akashusha kikombe. — Kwani huo mlima upo?

— Ala!

— Nauliza. Mimi kadi zote za watalii zinapita mikononi mwangu.

— Unasoma kadi za watu, Lorena?

— Kadi haina bahasha, Kutu, inajisoma yenyewe! Wakitoka kule wanashukia hapa, wananunua stempu, wanaandika. Katika kumi, saba wanasema hatukuuona, wingu. Saba! Asiyekuwepo na lake halipo. Mlima haupo.

— Na wale watatu waliouona?

— Wale wana aibu. Umevuka nchi nzima, utaandika umeona wingu?

Manong akatikisa kichwa kwa huruma.

— Mlima upo. Wanaufunika. Samaki mzuri huwezi kumweka mezani siku ya kwanza, mnunuzi atazoea. Mlima ukionekana kila siku, nani atarudi mwakani? Kuna mtu kule kazi yake ni wingu.

— Ana zamu? — nikamuuliza.

— Zamu mbili. Na dubu nao wameajiriwa, wa msimu. Ndiyo maana ikifika Oktoba huwaoni.

— Wamelala, Manong! Dubu wanalala kipupwe kizima!

— Hata mimi kiwanda kikifungwa Oktoba nilikuwa nalala. Ulinionaga mimi Novemba?

Sikutaka kubaki nyuma. Nikawaambia mimi naona hata meli yenyewe haiendi popote. Inatoka hapa na ukungu, inazunguka kisiwa chetu siku nne, wanawaonyesha barafu ileile upande wa kushoto halafu upande wa kulia, na treni ni behewa moja linatikiswa na vijana wawili huku wengine wanapitisha misonobari dirishani.

— Hiyo sasa umezidisha, — Lorena akasema.

— Wewe umefuta mlima mzima, mimi nimezidisha?

— Nyamazeni!

Alikuwa Redio. Hatujawahi kumsikia akipiga kelele, maana mtu anayeongea kutwa hana haja ya kelele. Honi ya kwanza ya Corrine ililia hapohapo, na yeye akashtuka kama ameitwa jina.

— Nyie mnacheza, — akasema. — Mimi nina miaka hamsini na minane. Nikikataa, mwakani nitapanda basi lile niseme tena nilisimama pale. Nikikubali, siku ya sita watu themanini watajua sijui hata choo cha pale kiko wapi. Mji mzima utajua. Na tangu asubuhi hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza ninachotaka.

— Haya, unataka nini? — nikamuuliza.

— Nataka kuuona, Kutu. Nimeusema mara ngapi? Mara nne kwa siku, miaka ishirini na miwili. Usiku naota ule mlima na kwenye ndoto hauna uso. Nataka kuuona.

Nilimmiminia kahawa kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Lorena naye, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, akajaribu kumfariji.

— Milima haikutani, kaka, binadamu ndio hukutana. Sasa wewe na mlima mtakutana vipi? Tulia tu.

Basi tukamwona mama mmoja anakuja kutoka gatini. Koti la Corrine la njano, fimbo mkononi, mvua inamchuruzika puani na hana habari nayo. Nilidhani anatafuta choo, wote huwa wanatafuta choo. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

— Karibu, mama, — nikasema. — Kaa. Si hapo, panavuja.

Alikuwa amekwisha kaa panapovuja. Nikampa kikombe.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, — Manong akamtania. — Lakini nyie mnakaa saa saba tu, kwa hiyo jembe tunawapa saa ya tatu.

Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama Redio.

— Wewe ndiye Dolph wa basi.

— Ndiye mimi, mama.

— Sauti yako nimeisikia kutoka kule gatini. Mimi ni Marvella, natoka Nebraska. Tulipanda basi lako miaka kumi na moja iliyopita, mimi na mume wangu Leland. Tulikaa nyuma yako. Ukatuhadithia ule mlima.

Redio akaanza kufungua begi na kulifunga.

— Tulikwenda mpaka kule, — mama akaendelea. — Siku nne, wingu. Tukarudi hatukuona kitu. Lakini Leland hadithi yako aliishika. Kila Krismasi, wajukuu wakikaa mezani, anaisimulia. Anasimama kama dubu, anainua kichwa hivi. Alifariki Februari. Safari hii nakwenda mwenyewe, na nahodha kaniambia huenda ukaja nasi. Sitaki mengi. Nataka unionyeshe ulisimama wapi, na mimi nisimame hapohapo.

Ikalia honi ya pili.

Lorena alikuwa anasoma kikombe chake kama kadi ya posta. Manong amejikunja. Mimi niliyelipasua lile wingu nikatamani linishukie linifunike. Nilikuwa nimeona aibu mara nyingi maishani, nimewahi kuangusha tani mbili za samaki baharini mbele ya meneja, lakini haikufikia ile ya siku hiyo.

— Mama, — Redio akasema, na sauti yake haikuwa ile ya basi. — Sikusimama popote. Sijawahi kufika. Tuliitunga hapa, kwenye benchi hili.

Matone yakawa yanaanguka kwenye kahawa ya mama, moja moja.

— Nani alitia dubu?

Manong akanyoosha mkono taratibu.

— Na machozi?

— Mimi, mama. Nisamehe, — Lorena akasema.

— Na wingu?

Nikanyoosha wangu. Alitupitia sote kwa macho, mmoja mmoja, wala hakuharakisha.

— Nimekasirika, — akasema. — Sitawaficha. Mume wa mtu amekufa na hadithi yenu kinywani, na nyie mmekaa hapa na vikombe. — Akapumua. — Leland alimpenda sana yule dubu.

Manong akavua kofia, akaiweka mapajani.

Mama akamgeukia Redio.

— Na wewe huo mlima unataka kuuona, au hutaki?

— Nataka, mama. Nataka sana.

— Basi mbona umekaa?

Redio akatutazama sisi. Sisi tukatazama buti zetu, buti zilezile za kahawia za mpira ambazo kila mtu anazo hapa, na zangu zina miaka tisa na hazijavuka jalala.

Mama hakungoja. Akaweka kikombe kwenye benchi, akashika fimbo, akaondoka kuelekea gatini polepole, maana mbao zinateleza. Redio akamwangalia anakwenda. Akainama, akatoa kwenye begi chupa mbili za samaki wa moshi alizofungasha kwa safari, akazitazama, akazirudisha. Halafu akalibeba begi, akatoka mbio.

— Dolph! — Lorena akaita. — Utawaambia nini?

— Haya haya niliyomwambia mama! — akajibu bila kugeuka. — Kabla ya chakula! Wote themanini!

Alimfikia mama katikati ya gati. Hatukusikia walichosema. Tuliona tu amempa mkono, mama akausukuma, akampa tena, mara hii akaushika. Wakapanda ngazi hivyo. Honi ya tatu ilipolia walikuwa wamekwisha ingia, na kamba zikafunguliwa.

Meli ikaondoka. Tuliitazama mpaka ikapinda nyuma ya kisiwa, kila mmoja akijifanya anaangalia hali ya hewa.

— Atakuta wingu, — Lorena akasema, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayeomba akosee.

— Akikuta wingu atakuwa ameona wingu la kweli, — nikamjibu, na kidogo nilikuwa mkali. — Wewe umeona nini?

Akanuna. Nikatikisa thamosi, ilikuwa tupu. Manong, kofia bado iko mapajani, akasogea akakaa mahali pa mama, palepale panapovuja.

— Hivi, Kutu, — akauliza, — Denali yenyewe kutoka hapa iko upande gani?

Tukanyoosha vidole wote watatu kwa pamoja. Cha Lorena kilielekea baharini, cha Manong kilielekea kanisani. Changu kilielekea jalalani.