Taa ya Mwisho ya Phanice Musimbi

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya dada yangu, marehemu Phanice Musimbi Osewe, mfinyanzi wa taa za kauri. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Lyanaginga, Vihiga, kifungua mimba wa Mama Lenah, mfinyanzi wa vyungu. Alimaliza darasa la nane mwaka 1985, akaacha masomo ili mimi, mdogo wake Benard, nisome.

Mwaka 1992 alikuja Nairobi, akapanga chumba Soweto West, Kibera, akapata kazi ya kufagia karakana ya ufinyanzi Kawangware. Huko ndiko alikouona udongo mweupe wa kauri, ule ambao ukifinyangwa mwembamba na kuchomwa vizuri hupitisha mwanga. Alikwisha hapo hapo kwa kuupenda! Baada ya miaka minne alikuwa na gurudumu lake la kufinyangia. Kila taa aliiwasha, akaingiza kidole ndani. Kivuli cha kidole kisipoonekana kwa nje, hiyo haiuzwi. Mama alipoletewa ya kwanza alicheka sana: "Chungu cha kuonekana ndani? Si wageni watajua hakuna mboga!"

Maurice Osewe, fundi wa umeme, alikuja kutengeneza swichi ya tanuri lake la kuchomea taa, kazi ya saa moja. Ilimchukua siku tatu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa Austin na Daisy.

Sasa nikiri. Mwaka 2011 nilifungua tanuri kabla halijapoa, taa kumi na moja zikapasuka. Phanice alizitazama, akatikisa kichwa: "Wewe Benard, hata chai huwezi ngoja ipoe." Tangu siku hiyo hakuniruhusu kugusa mlango wa tanuri.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, alichoma taa yake ya mwisho; kesho yake akalazwa. Jumatano alinipa ufunguo wa karakana yake, mimi! Nikamwambia, "Dada, wacha nifungue tanuri sasa hivi, nikuletee uione." Niliogopa hatafika kesho.

"Bado iko moto," akasema. "Usinivunjie tena. Ikipoa, waonyeshe watu."

Alituacha Alhamisi alfajiri, bila kuiona. Niliumia, jamani. Lakini sikufungua hadi Ijumaa jioni, nilipoweka kiganja mlangoni nikakuta baridi.

Ameacha mama yetu, mumewe Maurice, watoto wawili, mjukuu Bridgit, na mimi.

Taa yenyewe ni hiyo mezani. Maurice, washa. Naingiza kidole.

Kinaonekana, Dada. Nilingoja. Pumzika kwa amani.