Mama Kelele na Sauti ya Dereva

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mpimaji mkuu wa maabara yetu ya sauti anastaafu. Wageni wanaotusikia tukimwita Mama Kelele hudhani ni mtu wa fujo. La hasha, hata mlango huufunga kwa adabu. Kelele alizitafuta kikazi tu.

Alianzia kwenye simu za mezani. Zilipokuja hedifoni zisizo na waya, wenzake walizipima katika chumba tulivu, zote zikafaulu. Yeye akazihamishia kwenye chumba cha chai, akawasha maikrowevu na kila kompyuta iliyokuwa karibu, kwani huko, alisema, ndiko watu wanakozungumzia. Mawimbi ya maikrowevu yakaingilia yale ya hedifoni, sauti zikakatika vipande vipande. Tangu hapo hakuna hedifoni inayotoka kwetu bila kupitia chumba cha chai. Ndani ya maikrowevu huzunguka jagi lake la maji, na viporo vyetu husubiri. Tumekula vya baridi miaka mingi, na mwenye kununa alinuna peke yake.

Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza. Sentensi iliyorekodiwa hupitishwa kwenye hedifoni, na wasikilizaji hutoa alama, moja hadi tano. Sentensi yetu ilisomwa na dereva wa idara, mtu wa sauti nzito isiyomeza herufi: "Gari limefika mlangoni, teremkeni taratibu." Baadaye dereva huyo akawa mume wa Mama Kelele. Kama mapenzi yalianzia kwenye gari au kwenye rekodi, hapo kila mtu ana lake.

Dereva alipofariki, mkewe alirudi kazini mapema kuliko tulivyotaka. Wiki hiyo aliipa hedifoni moja alama tano. Sisi wengine tulisikia mikwaruzo na nusu ya maneno, tukatoa mbili. Aliyaona matokeo, akasikiliza tena, akakiri kwamba anaisikia sentensi nzima hata pale isipokuwepo. Kisha akamwomba mkuu wa maabara rekodi ibadilishwe. Mkuu akamwambia hakuna haraka. Yeye akashikilia kuwa mnunuzi hakuolewa na yule dereva, hivyo ataisikia mikwaruzo yote. Tulicheka, lakini roho zilituuma, maana alijua anachokiacha: sauti aliyoisikia kila siku ya kazi.

Rekodi ya sasa ilisomwa na mhasibu, ambaye Mama Kelele hajawahi kumpa zaidi ya nne, hata kwa waya.

Kwa hiyo zawadi haikuhitaji kikao kirefu. Mafundi wameitafuta rekodi ya kwanza, ile ya dereva, safi kama alivyoisoma kabla ya kupitishwa kwenye hedifoni yoyote, wakaiweka kwenye spika ndogo ya mezani. Spika hiyo ina waya.

Ahsante kwa kutufundisha kutojidanganya. Nyumbani hakuna wa kutoa alama, basi zima maikrowevu, keti, usikilize. Mapumziko yako yawe marefu, yenye afya na wajukuu wasioisha maneno. Gari limefika mlangoni, Mama Kelele. Teremka taratibu.