Loice Nakhisa, Aliyelalia Mfuko wa Dawa

Marehemu Loice Nakhisa alizaliwa Funyula, Busia, nchini Kenya, tarehe 14 Machi 1979. Alisoma huko huko hadi darasa la nane.

Mwaka 2003 alikuja Kampala, akauza mashuka ya mitumba katika soko la Owino. Jamani, Loice na maneno! Kibaka alimwibia shuka, Loice akamkimbiza na kumrudisha kwa ukosi akunje mashuka ya meza nzima. "Kunja vizuri," alimwambia, "labda nitakuajiri."

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Owuor, fundi wa magari Ntinda. Wakajaliwa mtoto mmoja, Oyugi. Owuor alifariki mwaka 2012.

Loice aliishi na virusi vya Ukimwi tangu 2011, wala hakuficha. Alimeza dawa kila siku akawa na afya kutushinda sisi. Yeye na wenzake watano wa sokoni waliomeza dawa hizo walizichukua kliniki kwa zamu, mmoja akiwabebea wote.

Tarehe 21 Juni 2021 zamu ilikuwa yake. Korona ilikuwa imefunga usafiri, akaenda kwa miguu. Akirudi, saa ya kutotoka nje ilimkuta Kyambogo, na wanaume wenye fimbo wakamzuia.

"We mama, hujui imefungwa?"

"Nimebeba dawa za watu, baba. Tazameni."

Hawakutazama. Walimpiga mgongoni, wakampiga kichwani, wakamvunja mkono. Aliulalia ule mfuko, nao wakazidi kupiga. Washenzi wale! Mungu atanisamehe, nimesema.

Mkebe mmoja ulipasuka, vidonge vikamwagika mtaroni. Ulikuwa wa Sitti, jirani yake wa meza, mwenye mtoto wa kunyonya. Loice akampa wake, akamdanganya kwamba anao mwingine nyumbani. Hakuwa nao, na kwa majeraha yale hakuweza kurudi kliniki. Korona ilimkuta mwilini mwake hamna dawa. Daktari alisema wanaomeza dawa zao vizuri hupambana nayo vyema zaidi. Loice alikata roho tarehe 19 Julai akihangaikia pumzi.

Ameacha mwanawe Oyugi, mama yetu aliyezuiwa mpakani, mimi kaka yake ninayesoma haya, na wenzake watano, wote wazima.

Sitti aliujua ukweli hospitalini. Leo asubuhi aliutupa ukutani ule mkebe aliopewa na Loice, akalia kwamba hamezi tena. Mimi niliuokota.

"Meza, dada. Loice amevunjwa mkono kwa ajili ya vidonge hivi."

Akameza, sote tukimwona.

Loice, pumzika sasa, mama. Amani ya Mungu iwe nawe.