Barua Iko kwa Rasimu

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la madaftari, limeegemea ukuta ambao chokaa yake humshika mgongoni kila anayekaa. Birika la kahawa ni moja, na likiisha kila mtu hushika njia yake. Siku ile tulimimina mara moja tu, hakuna aliyelijali tena. Katikati alikaa mtunza maabara wa shule yetu, tunayemwita Asidi kwa sababu ya matundu ya koti lake, simu mkononi. Siku kumi nyuma gesi ililipuka kwenye meza ya tatu, binti wa kidato cha pili akaungua uso na mikono. Kesho yake saa nne kamati ya shule ilikuwa inamwita Asidi aeleze kwa nini hakutoa taarifa. Yeye anasema alitoa. Mimi nafundisha fizikia shuleni hapo, nilikaa pembeni.

Asidi: Someni wenyewe. Tarehe tatu, siku moja kabla. "Mheshimiwa Mkuu, koki ya gesi ya meza ya tatu inavuja. Naomba maabara ifungwe." Niliandika au sikuandika?

Wakili (hajawahi kuwa wakili, alikuwa tarishi wa mahakama): Umeandika, tena kwa adabu. Sasa kamati inakukamatia wapi?

Asidi: Mkuu wa shule anasema hakuipata. Na hapa juu pana neno. Rasimu. Barua iko kwa Rasimu.

Betri (fundi redio): Rasimu ndiye nani?

Wakili: Karani huyo. Mahakamani tulikuwa naye, jina tu lilikuwa jingine. Barua ikifika mezani kwake inalala mpaka yeye aamke.

Betri: Karani ndani ya simu? Anapumulia wapi? Rasimu ni chujio, ndugu yangu. Mkuu kalitega. Neno gesi likipita, linanaswa. Wahenga walishasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakili: Methali umeivaa kinyume. Hapa mkuu ndiye hakusikia.

Betri: Aliyevunjika ni yeye?

Wakili alikunywa funda, akaegemea ukuta.

Wakili: Basi niwaambie. Iko Rasimu kubwa, ya nchi nzima. Kila daraja litakaloanguka, kila bweni litakaloungua, barua yake imo mle, imeshaandikwa na mtu aliyeona ufa. Wakubwa wanazipitia kama ratiba ya mazishi.



Asidi: Lakini ipo. Hata ikiwa huko, si ipo?

Wakili: Ipo! Akiba haiozi.

Kikombe changu kilikuwa kimepoa. Nilikiweka chini, nikakisogeza kisimwagike, nikakisogeza tena.

Mimi: Mzee wangu, Rasimu si mtu. Ni barua iliyoandikwa ikabaki hapohapo. Haijatumwa.

Asidi: Haijatumwaje? Simu yenyewe iliniambia: imehifadhiwa.

Mimi: Kuhifadhi ni kitu kimoja. Kutuma ni kingine.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla haijafunguka. Mwanzoni mwa muhula mkuu alitangaza kwamba taarifa za mdomo na za daftari zimekwisha, kila kitu ni barua pepe, akaniagiza niandike orodha ya maneno ya kompyuta na maana zake kwa walimu wa sayansi na watu wa maabara. Niliandika maneno arobaini na moja. Niliyakagua mara tatu, mpaka mkato na nukta. Asidi aliweka kidole kwenye namba tisa, akasoma polepole.

Asidi: "Hifadhi: kuweka kazi yako mahali salama ili isipotee." Namba tisa, mwalimu. Niliibonyeza. Nikaenda nyumbani nikalala usingizi. Asubuhi darasa likaingia, maabara haijafungwa, nikasema moyoni, basi wakubwa wamepima wakaona hakuna hatari.

Neno "tuma" halikuwemo kwenye orodha yangu. Nilidhani hakuna asiyelijua.

Betri: Dawa ndogo hiyo. Itume sasa hivi!

Mimi: Itafika na tarehe ya leo.

Betri: Rudisha saa ya simu nyuma! Redio ngapi nimezidanganya mimi?

Asidi: Hapana. Nimeshaungua inatosha, sitaki na uongo.

Wakili: Basi kesho mwalimu aje. Aiambie kamati karatasi ilikuwa na upungufu, na mwandishi ni yeye. Ushahidi huo.

Wote watatu walinigeukia. Nilisema nitakuja. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie.

Asidi alikuwa ananyoosha mkono kunipa karatasi niliposikia hatua zikisimama mbele yetu. Alikuwa mama wa yule binti aliyeungua, ana mfuko wa nguo za kupeleka hospitali. Asidi aliinuka. Hakujua aweke wapi simu.

Wakili: Pole sana, mama. Karibu ukae. Huyu unayemwona aliandika, tena mapema. Kilichotokea ni kwamba ile barua, badala ya kwenda, ilibaki kwenye…

Mama: Nimesikia, baba. Nilikuwa dukani hapo. Hayo ya simu mimi siyajui.

Aliuhamisha mfuko mkono wa pili.

Mama: Jicho la kushoto bado wamelifunga, wanasema tungoje. Nina swali moja, halafu nawahi gari. Kutoka maabara mpaka mlango wa mkuu, ni mbali?

  Asidi aligeuka kutazama upande wa shule.

Mimi nafundisha pale mwaka wa pili sasa. Milango ile inatazamana.