Mikono Iliyofunguliwa katika Chumba cha Vidonda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni Eda, muuguzi wa zahanati ya kijiji huku njia ya Usoke. Nasimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonifungua kutoka kwenye ukali.

Kwa miaka mingi niliamini mtoto anayelia ni wa kukamatwa tu. Mama ashike miguu, mimi nishike mkono, sindano iingie, basi. Kijijini wazazi waliwatishia watoto kwa jina langu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mkubwa.

Ndipo akaletwa Kabula, binti wa miaka sita, ameungua mguu kwenye bani la kukaushia tumbaku. Siku ya kwanza kumsafisha kidonda tulimshika watu watatu. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Nikapanda baiskeli hadi kwao, nimejaa hasira.

Nilimkuta bibi yake uani, nikamwamkia. Akaniambia mtoto akisikia tu zahanati anakimbilia shambani. Alisema kidonda kimeanza kunuka. Kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huyu ni mgonjwa wako au mwizi wako?"

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Nikamwomba amlete kesho yake, nikaahidi hakuna atakayemkamata. Nilirudi nikiikokota baiskeli, nalia, naomba: Bwana, mikono hii umenipa wewe, nifundishe kuitumia.

Kesho yake bibi alimleta. Sikumlaza kitandani, nilimwacha akae mapajani mwa bibi. Nikamwambia ukweli: itauma kidogo, na akisema simama, nitasimama. Nikampa kikombe cha maji ya sabuni na bua la jani la mpapai apulize mapovu. Yeye anapuliza, mimi nasafisha. Mara mbili alisema, "Simama." Mara mbili nikasimama. Machozi yalimtoka, lakini hakuna aliyemkamata. Tulipomaliza aliuliza kama anaweza kwenda na lile bua.

Leo mguu umepona, Kabula anaruka kamba! Wauguzi wa vijiji jirani wanakuja kuona ninavyofanya, nami nawaonyesha kwa fahari, fahari ndani ya Bwana. Tangu siku ile sijaita mtu anisaidie kumbana mtoto.

Asante Yesu. Wewe mzazi unayemficha mtoto nyumbani kwa hofu, mtegemee Mungu, umlete. Saa moja asubuhi mlango uko wazi, na mimi nipo.