Gunia la Kabichi Kati Yangu na Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na wale wa viti vya nyuma karibu na mlango nao waitikie, maana hapo ndipo nilikuwa nakaa mimi zamani, nikiwa tayari kutoroka kabla ya mahubiri kuisha. Jina langu ni Kioko. Wengi hapa mnanijua kama yule mzee anayeteremka na baiskeli polepole na tawi la mti nyuma, na vijana wananicheka. Leo nitawaambia kwa nini ninateremka hivyo.

Miaka ya sabini nilikuwa nabeba kabichi kutoka Nunguni hadi Matiliku. Barabara hiyo mnaijua. Huku juu kuna baridi na ukungu, na mashamba yamechimbwa mitaro mpaka kilima kinaonekana kama ngazi. Halafu unafika pale kileleni, nchi yote ya chini inafunguka mbele yako, vichaka na migunga mpaka macho yachoke. Kutoka hapo ni kuteremka tu. Kuna kona tatu kali, na sisi watu wa baiskeli tulizipa majina: Kona ya Jiwe, Kona ya Maji, na ya mwisho tuliiita Kwaheri. Chini kabisa kuna mto wa mchanga, kisha joto, kisha soko.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ukifika kileleni unashuka, unakata tawi kubwa, unalifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya katani. Tawi linaburuta barabarani na kukushikilia usikimbie, kwa maana breki peke yake haiwezi kuzuia magunia mawili ya kabichi. Kila mtu alifunga mti, hata wale wa Mbumbuni waliokuwa wakija kwetu na maringo yao. Mimi sikufunga. Nilisema mti ni wa wazee. Hata raba za breki nilizing'oa, nikiona zinanichelewesha, na nikitaka kupunguza mwendo nilikanyaga gurudumu kwa akala, vile viatu vyetu vya tairi. Sokoni waliniita Ndeke, yaani ndege ya angani. Ndugu zangu, nililipenda jina hilo kuliko jina nililopewa nyumbani.

Asubuhi moja, nikiteremka Kona ya Maji, mwanamke alitokea kwenye njia ya kisimani akiwa na mtungi mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso. Aliniona, akaruka kando, akaanguka na mtungi wake. Niligeuza shingo. Alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Mwikali, mke wangu.

Sisi Wakamba tunaijua nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni wala hawagusani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani ili mwingine apite. Sasa kumwona mama mkwe yuko chini mavumbini, nguo zimevurugika, hiyo ni aibu isiyosemeka. Kwa hivyo sikusimama. Nilijiambia, Kioko, heshima inasema usitazame, nikaenda zangu kuuza kabichi. Lakini nikiwa hapa mbele za Mungu nasema ukweli: haikuwa heshima. Sikuwa na breki, na sikutaka mtu aone Ndeke akihangaika kusimama.

Kifundo cha mkono wake wa kulia kilivunjika. Kiliungana vibaya, mkono ukabaki umepinda. Jioni Mwikali alirudi kutoka kwao akaniambia, "Mama hasemi ni nani. Anasema tu ni baiskeli." Kisha akaendelea kuchambua mbaazi. Kwa miaka miwili sikukanyaga boma la wakwe zangu. Nilipoulizwa nilisema nina kazi nyingi. Moyo ulikuwa unaniuma, ndugu zangu, lakini mguu wangu haukupunguza mwendo hata kidogo.

Halafu siku ikafika. Nilikuwa natoka Nunguni na mzigo, na kabla ya kilele nikamwona Mwikali amesimama katikati ya barabara, mikono ameitandaza. Kando ya barabara alikuwa mama yake, ameketi chini, mguu umefura mpaka goti. Alikuwa akiokota kuni akakanyaga nyoka, yule mfupi mnene anayelala njiani hata akisikia watu. Wanaume wa boma walikuwa wamepeleka ng'ombe mbali. Gari halikuwepo. Dawa ya nyoka ilikuwa kwenye zahanati ya kule chini Matiliku, na chombo pekee cha kumfikisha ni baiskeli yangu.

Mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikitazama mlima. Yeye alitazama mlima mwingine.

"Mwambie huyo mtu aende sokoni kwake," alimwambia Mwikali.

"Mama, mguu unafura. Utakufa hapa."

"Siwezi kumshika. Nthoni haijaisha kwa sababu ya nyoka."

Nikamwambia Mwikali, "Mwambie mama sitageuka nyuma."

Mama akafikiri. Kisha akasema, "Basi aweke kabichi katikati."

Mnacheka, lakini ndivyo tulivyofanya. Tulishusha mzigo wote, tukaacha kabichi nne ndani ya gunia, tukaliweka kwenye keria nyuma ya kiti changu. Mama akakaa nyuma ya gunia, ameelekea upande, akishika chuma cha keria kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukuweza kushika chuma. Mwikali akabaki anaomba, nasi tukaondoka.

Kileleni nikasikia sauti nyuma yangu. Tangu nioe, mama hakuwa amenisemesha moja kwa moja.

"Kioko. Funga mti."

"Mama, una sumu mwilini. Hatuna wakati."

"Sumu ni yangu. Funga mti."

Sikufunga. Nilidhani siku hiyo mbio zangu zimepata kazi ya maana, nami nitakuwa mwokozi wake. Ona kiburi cha mtu, hata tendo jema alitaka kulitenda kwa jina la Ndeke.

Kona ya Jiwe tuliipita vizuri. Baada ya hapo nikakanyaga gurudumu, na ule mkanda wa akala ukakatika. Kiatu kikaruka kichakani. Nikakanyaga kwa mguu mtupu, ngozi ikachunika, baiskeli ikazidi kukimbia. Tulipoingia Kona ya Maji gunia likachomoka. Niliziona kabichi zikitupita kando, zikiwa na haraka kuliko sisi. Mbele yetu ilikuwa Kwaheri, na pale hakuna ukingo, kuna bonde tu.

Nikalia, "Mama, nishike!"

Nikausikia mkono kiunoni. Ulikuwa mkono wa kulia, ule uliopinda. Haukuweza kukunja vidole, lakini ulinibana kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Na hapo, ndugu zangu, nikavunjika ndani. Nilisema kwa sauti, "Mungu wa mama huyu, mimi sijui kusimama. Tusimamishe wewe."

Upande wa juu wa barabara nikaona udongo mwekundu, mbichi, mtaro uliochimbwa juzi tu. Nikageuza usukani nikauingia. Gurudumu la mbele lilizama, tukarushwa, tukaanguka kwenye udongo laini. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameketi, amejaa udongo, anatazama kushoto na kulia.

"Mtaro huu ni wa mwethya yetu," akasema, yaani kile kikundi chao cha kusaidiana kazi. "Akina mama tumeuchimba wiki nzima. Umeuharibu."

Nikapiga magoti mbele yake. Sikutazama kando. "Mama, ile baiskeli ya siku ile ilikuwa yangu. Nilikuona ukianguka, nikakuacha. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Uliangusha kabichi moja. Niliipika." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nangoja uje useme. Nilikusamehe kitambo, lakini nilitaka uje."

Nililia kama mtoto. Aliniacha nilie kidogo, halafu akanikumbusha kwamba ana sumu. Nikakata tawi la mgunga, nikalifunga nyuma ya baiskeli. Tulipita Kwaheri mwendo wa mtu anayetembea, tawi likivuta vumbi nyuma yetu, na mkono wake kiunoni mwangu bila gunia. Tulifika Matiliku mchana. Waliokuwa sokoni walisimama kutazama, Ndeke anaburuta mti, ana kiatu kimoja, amembeba mama mkwe. Hakuna aliyecheka. Alipata dawa, akalala siku nyingi, na mguu ukapona. Jumapili ya kwanza aliyoweza kutembea, nilisimama katika kanisa hili nikampa Yesu maisha yangu, na jina la Ndeke nikaliacha mlangoni.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenisimamisha. Mama mwenyewe yule pale, benchi la tatu upande wa akina mama. Hatazami huku, nthoni bado ipo, na mimi pia siangalii huko sana. Wewe unayeteremka leo na maisha bila breki, ukiona haya kusema ulimwangusha nani, usingoje ufike Kwaheri. Njoo useme. Yule uliyemwangusha huenda amekusamehe zamani, na Mungu pia anakungoja.

Ibada ikiisha nitampeleka mama kwa dada yake Matiliku. Atakaa kwenye keria na kunishika kiuno kwa mkono ule ule. Na tukifika kileleni hatalazimika kuniambia chochote, kwa sababu nitakuwa nimeshashuka kutafuta mti.